Kugeuka na Kukua

Lugha yetu ina maneno mengi ya kutaja jambo lisilokaa kama lilivyokuwa jana. Twasema kitu kimebadilika, kimegeuka, kimekua, kimekomaa, kimestawi, kimechakaa. Maneno hayo hayana maana moja, na mtu aliyelelewa katika Kiswahili hayachanganyi. Hakuna asemaye kwamba kinyonga amekua kwa sababu alikuwa kijani penye jani akawa kahawia penye gome. Wala hakuna asemaye kwamba mnazi umegeuka kwa sababu zamani tuliuruka kwa mguu, na leo twautazama kwa kuinua shingo. Lakini tukifika katika mambo ya shule na ya kazi za mshahara, tofauti hii hutuponyoka. Rangi mpya ukutani twaiita maendeleo. Jina jipya kibaoni, mtaala mpya, mkubwa mpya, sare mpya, vyote twavipa neno lile lile. Tumeona ni vema kuichungua habari hii, maana watoto wetu ndio wanaolipa gharama yake, nao hawana baraza la kupelekea mashtaka.

Tuanze na nguo. Mzazi akimnunulia mtoto nguo mpya wakati wa Krismasi, mtoto amebadilika sura, na majirani wote wamwona. Walakini kimo chake hakikuongezeka hata kidogo. Mwaka wa pili nguo ile ile yambana mabegani, na vifungo havifiki. Hapo mama ajua, pasipo kuambiwa na mtu, ya kuwa mtoto amekua, na yampasa kutafuta nguo nyingine. Angalieni utaratibu wake. Katika habari ya pili kukua kulitangulia, na badiliko la nguo likafuata kwa kuwa halikuwa na budi kufuata. Katika habari ya kwanza badiliko lilikuja peke yake. Mtu aweza hata kumvika mtoto wa miaka sita kanzu ya babaye, akidhani kanzu itamvuta juu. Mtoto atajikwaa nayo tu.

Kuna alama nyingine ya kukua, nayo kwa fikara zetu ndiyo kubwa zaidi. Kitu kilichokua hakikuitupa jana yake, bali kimeichukua ndani yake. Tazameni karakana ya seremala. Mwanagenzi huanza kwa kufagia maranda, kisha hushika randa, kisha hujifunza kupima, na baada ya muda hupewa mbao za mlango azikate. Siku atakapomaliza kitanda chake cha kwanza bila kusaidiwa, mkono wake haujasahau randa. Mambo ya mwaka wa kwanza yamo ndani ya mambo ya mwaka wa nne. Kadhalika mnazi: yale makovu yanayozunguka shina lake, kila moja ni mahali pa kuti lililoanguka. Makuti hayapo tena, lakini shina zima limejengwa mahali yalipokuwa, na mgema hupanda juu yake. Basi mtu akituuliza kama shule fulani imekua, hatumwulizi kwanza imepata nini kipya. Twamwuliza, je, bado yaweza kufanya yale iliyoyaweza zamani, tena vizuri zaidi?

Tutoe mfano ambao nchi nzima iliuona. Mwezi wa Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa mwaka 2012, na watahiniwa 60 katika kila 100 walipata sifuri. Watu walishtuka. Tume iliundwa, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya kwa njia nyingine, na idadi ya walioanguka ikapungua. Kisha yale madaraja tuliyoyazoea, la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, yakaondolewa, na waliofanya mtihani wa mwaka 2014 wakapewa wastani wa alama na majina mapya ya kufaulu. Haukupita muda mrefu. Mapema mwaka 2016 waziri wa elimu aliagiza madaraja ya zamani yarudi, yakarudi. Na kabla ya hayo yote, mwanzoni mwa karne hii, masomo ya fizikia na kemia yaliunganishwa yakawa somo moja, kisha yakatenganishwa tena.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Yawezekana kila badiliko lilikuwa na sababu iliyoonekana njema siku ile. Twauliza swali moja tu: katika miaka hiyo, yule kijana aliyekaa katika dawati lake, je, aliongeza neno hata moja la hesabu au la Kiingereza kwa sababu kipimo kiligeuzwa? Mtama hauongezeki ghalani kwa kuwa mwenye ghala amechukua kibaba kidogo. Atakuwa na vibaba vingi vya kuhesabu, na njaa itakuja siku ile ile iliyokuwa ije.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana kuna wanaosema kwamba kukua ni kuongezeka, na kuongezeka hupimwa kwa hesabu, basi tuhesabu. Neno hili lina kweli ndani yake. Mwaka 1974 wakuu wa chama cha TANU walikutana Musoma, wakaazimia kwamba watoto wote waingizwe shule za msingi, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa ndio mwisho wa muda. Watoto waliokuwa shuleni mwaka 1974 walikuwa kiasi cha 1,200,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 3,000,000. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, wakisaidiwa na redio na masomo ya posta. Wako watu wanaoicheka kazi ile. Sisi hatuthubutu. Mtoto aliye nje ya darasa hajifunzi kitu, na wengi wanaocheka leo walipata nafasi ya kucheka kwa maandishi kwa sababu ya madarasa yale yale yaliyojaa. Lakini kuongezeka kwa watoto ni kuongezeka kwa watoto. Kukua kwa shule ni jambo lingine, nalo lilihitaji muda ambao hakuna aliyepewa.

Jambo la kusoma kwa watu wazima latufundisha zaidi. Wazee wengi wa hapa Uzaramo wakumbuka madarasa ya jioni, chini ya mwembe au katika jengo la chama, taa ya chemli ikining'inia, na akina mama wakifuata herufi kwa kidole. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba watu wazima 90 katika kila 100 wajua kusoma na kuandika. Ilikuwa sifa kubwa, na Tanzania ilitajwa katika mataifa mengi. Sensa ya mwaka 2002 ilipofanywa, walionekana kiasi cha 70 katika 100. Twajua ya kuwa hesabu hizo mbili hazikupimwa kwa njia moja, wala hatutaki kuzitundika juu ya mzani kama nyama. Walakini mtu yeyote aliyekaa kijijini aweza kueleza lililotokea. Mama alifundishwa kusoma, akafaulu, akapewa cheti, kisha akarudi katika nyumba isiyokuwa na kitabu, wala gazeti, wala barua. Baada ya miaka kumi herufi zilimtoka moja moja. Alibadilishwa kweli, tena kwa bidii ya watu wema. Lakini kile alichopewa hakikupata mahali pa kushika mizizi.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu mzee mmoja mwenye mikorosho alitusimamisha njiani baada ya mkutano. Siku ile watu walikuwa wamefurahia darasa lililopakwa rangi mpya, na wageni walikuwa wamepigwa picha mbele yake. Akasema, "Mwalimu, darasa nimeliona, ni zuri, Mungu awape nguvu. Lakini mjukuu wangu yuko darasa la sita. Nikampa karatasi ya dawa ya mikorosho anisomee vipimo, akaigeuza-geuza mkononi kama mtu atafutaye mlango wa nyumba ya watu usiku. Nikaipeleka kwa shangazi yake, aliyeishia darasa la nne zamani. Akaisoma yote." Tulimwambia, "Mzee, neno lako ni la haki," na hatukuwa na la kuongeza. Mwenye mikorosho asiyejua kipimo cha salfa hupoteza ama dawa ama maua, na mara nyingi vyote viwili. Kwake yeye habari hii si ya falsafa.

Wala mzee yule hakuwa peke yake. Mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walizunguka nchini, wakawapa watoto wa darasa la tatu hadithi fupi ya Kiswahili iliyotungwa kwa kadiri ya darasa la pili. Waliosoma walikuwa kiasi cha 3 tu katika 10. Na katika wale waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, 1 katika 5 hakuiweza hadithi ile ile ya darasa la pili. Mtoto huyo amepandishwa darasa mara sita. Kila Januari amebadilika: daftari jingine, mwalimu mwingine, dawati la nyuma zaidi. Ni kama nyumba iliyojengwa orofa saba, na chini yake hakuna sakafu.

Sasa tuwatoe wasomaji wetu katika huzuni hii, kwa kuwa mifano ya kukua ipo, tena si mbali. Mwaka 1963 nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, zilianzisha kazi kubwa huko Kibaha: shule ya sekondari, chuo cha wakulima, na kituo cha afya. Wageni walikuwa wengi, na fedha ilikuwa yao. Mwaka 1970 kazi yote ilikabidhiwa kwa serikali yetu, ikawa Shirika la Elimu Kibaha. Siku ya kukabidhiwa ndiyo siku ya kujaribiwa, maana ndipo nguzo huondolewa na watu husimama kutazama kama ukuta utabaki. Shule haikufungwa. Na kile kituo cha afya kiko kando ya barabara ya Morogoro, ambako magari hugongana mchana na usiku. Majeruhi waliletwa, wakaletwa tena; vitanda havikutosha, kikawa hospitali, na leo Tumbi ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Hapa twaiona ile nguo iliyobana mabegani. Jina kubwa lilikuja baadaye, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kuwa kubwa.

Mfano mwingine ni Minaki, katika wilaya yetu ya Kisarawe. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa Kiungani huko Unguja, nacho asili yake ni shule ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1925 kilivushwa bahari kikaletwa Minaki. Tena baadaye kikatoka mikononi mwa misheni, na leo ni shule ya sekondari ya serikali. Mahali pamebadilika, jina limebadilika, mwenyewe amebadilika. Mtu angeweza kusema kwamba hakuna kilichobaki. Lakini waliokuja mwaka ule hawakuja na kibao tu. Kazi ya kuwafunza walimu iliyofanywa Kiungani ndiyo iliyoendelea Minaki. Kila mkulima wa minazi ajua kwamba mche ukihamishwa na udongo wake huinamisha kichwa siku chache, kisha huinuka. Huo uking'olewa mizizi mitupu, hata ukipandwa penye rutuba kuliko kwanza, kazi imepotea. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila aletaye badiliko ni adui wa kukua. Swali ni kama ameubeba udongo.

Tutaje na kazi za mshahara, kwa kuwa vijana wetu wengi huzikimbilia. Wilaya za Kibaha na Kisarawe zina njia mbili za zamani za reli. Moja ni reli ya kati, ipitayo Pugu, Soga na Ruvu. Hadi mwaka 1977 ilikuwa ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 ikatiwa katika ubia na kampuni ya Kihindi na kupewa jina jingine. Miaka michache baadaye serikali ikaichukua. Na mwaka 2017 likarudi jina la Shirika la Reli Tanzania. Njia ya pili ni TAZARA, ipitayo hapa hapa Mzenga. Ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976, nayo haikubadili jina lake tangu siku ile. Ilijengwa ili ichukue tani 2,000,000 za mizigo kila mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 ilichukua tani zisizofika 100,000. Na ile reli ya kati nayo, katika kubadilishwa kwake kote, mizigo yake ilipungua sana.

Twaona basi jambo la ajabu. Reli moja ilibadilishwa jina mara kwa mara, nyingine haikubadilishwa hata mara moja, na zote mbili zilidhoofu. Kwa hiyo asitokee mtu akachukua maneno yetu na kusema, "Afadhali tukae kama tulivyokaa." Kutobadilika si kukua, kama vile jiwe lisivyokua kwa kukaa mahali pamoja. Chuma huliwa na kutu chini ya jina lolote. Karakana yoyote ambayo wazee wake hustaafu bila kuacha nyuma yao kijana aliyefundishwa kusikiliza mlio wa injini, hiyo hupungua kila mwaka, hata ikipakwa rangi. Sasa tuna reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Ni badiliko kubwa, nasi twalifurahia kama wengine. Watu hupanda kwa wingi na hufika mapema. Kama ni kukua, tutajua siku mitambo itakapougua na fundi wa kuiponya akawa kijana wa Soga au wa Ngerengere.

Labda msomaji atatuuliza: Je, wakubwa hawayajui haya? Wayajua sana, kwa kuwa wengi wao walikuwa walimu. Lakini mwalimu mkuu hupelekwa shule fulani, naye hajui kama atakaa miaka miwili au sita. Badiliko laweza kufanywa katika muhula mmoja na kuonekana na mkaguzi: ratiba hupangwa upya, bustani ya maua huhamishwa kutoka mashariki kwenda magharibi, paredi hufanywa kwa filimbi badala ya kengele. Kukua huchukua muda mrefu kuliko uhamisho. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyemkalisha mtoto mzito wa ulimi na kumsomesha silabi hata akasoma, matunda yake yataonekana wakati yeye yuko wilaya nyingine, na pengine sifa atapewa aliyemkuta mtoto tayari anasoma. Hakuna jiwe la msingi linalowekwa siku mtoto anapounganisha herufi zikawa neno. Hapo ndipo twaona kwamba jambo hili si la akili tu, bali la dhamiri, maana mtu huchagua kati ya kazi itakayompa jina na kazi itakayomfaa mtoto, na mara nyingi huchagua bila mtu mwingine kujua kwamba alichagua.

Nasi wazazi na wanakijiji tuna sehemu yetu. Tukiitwa kuchanga fedha za paa, twachanga, nalo ni jema. Mtoto aliyenyeshewa hasomi. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kusimama katika mkutano wa wazazi akauliza, si juu ya paa wala juu ya uji, bali juu ya watoto wangapi wa darasa la tatu wanaosoma bila kusaidiwa? Wazee wetu walipomtoa kijana jandoni walimpa heshima mpya kwa ngoma na vifijo. Walakini hakuna aliyemkabidhi shamba la minazi siku hiyo hiyo. Walimtazama kwanza: aamkaye lini, alimaye vipi, asemaje na mama yake.

Sasa mtaala mwingine umeanza. Watoto walioingia darasa la kwanza mwezi wa Januari 2024 ndio wa kwanza kuuanza tangu chini, na kwa mpango uliowekwa watamaliza shule ya msingi katika darasa la sita, mwaka 2029, si katika la saba kama kaka zao. Vitabu vimegeuka, na baadhi ya masomo yamepewa majina mengine. Sisi walimu wachache tumepatana jambo dogo. Tumechukua hadithi moja ya darasa la pili, ya nusu ukurasa, na kila mwisho wa mwaka twamwita kila mtoto peke yake chini ya mkorosho, aisome kwa sauti, nasi twaandika katika daftari moja jinsi alivyosoma. Hadithi haitabadilishwa. Atakayepelekwa shule nyingine ataliacha daftari kwa mwenziwe. Mwaka 2029 wazazi watakapokuja siku ya kuaga darasa la sita, daftari lile litakuwa juu ya meza, karibu na soda, na kila mzazi aweza kufungua penye jina la mwanawe.